Bastola Yangu Yaingia Kwenye Kikapu cha Mchumba

Wiki iliyopita mliniacha juu ya paa, simu sikioni, nyundo imeniponyoka na kutua kwenye maua ya jirani. Baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nilianguka. Sikuanguka. Ingekuwa afadhali.

Kwa aliyekosa mwanzo: naitwa Emory Straub, umri miaka hamsini na minne, fundi wa kukereza chuma mpaka kiwanda chetu kilipofungwa. Tangu hapo nimepoteza kazi, mke (aliondoka na muuza mabwawa ya kuogelea), na nusu ya paa kwa uzito wa theluji. Nikiwa sina la kufanya, nilijifungia kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba nikajitengenezea bastola. Haina namba. Haina jina la kiwanda. Haimo kwenye daftari la mtu yeyote duniani. Ilipokamilika niliipenda kama mtoto aliyepatikana baada ya maombi mengi.

Kisha nikampenda Marlys Hetrick, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Marlys ni katibu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea. Mdogo wake, Denny, alipigwa risasi akafa kule mjini Erie miaka miwili iliyopita, nje ya duka la matairi. Bastola iliokotwa mtaroni, haina namba. Polisi walimkamata mtu, wakamweka ndani, na mwezi huu wamemwachia, kwa kuwa hakuna wa kuwaambia bastola ile ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Marlys sasa ana wimbo mmoja tu: kila bunduki iwe na namba.

Nilipomvisha pete aliniambia waziwazi. "Najua ulitengeneza kile kidude chako. Kikate. Mengine nitakusamehe, Emory, lakini ukinidanganya kwenye hili, pete yako utaikuta kwenye sanduku la barua."

Nikamwambia nimeshaikata. Vipande kumi na moja, nikasema, maana uongo wenye hesabu huaminika upesi. Sikukata hata kimoja. Niliifunga kwenye kitambaa, nikaitia ndani ya sufuria ya umeme ya kupikia polepole ambayo sikuwahi kuitumia, nikairudisha sufuria kwenye boksi lake na kulibandika utepe kifundi, ungedhani limetoka dukani leo.

Ufundi huo ndio ulioniponza. Nikiwa paani, Marlys alinipigia simu kuuliza kama nina chochote cha kuchangia kwenye vikapu vya zimamoto. Nikamjibu apitie mlango wangu wa nyuma, ateremke stoo, achukue boksi lolote ambalo halijafunguliwa. Baadaye, akiwa ameshaondoka nayo, akapiga tena kunishukuru kwa sufuria.

Hapo ndipo nyundo iliponiponyoka. Sasa tuendelee.

Nilishuka paani nikakimbia mpaka kwake, lakini Marlys ni mwanamke wa vitendo. Sufuria ilikuwa imeshafika ukumbi wa zimamoto, imeshatiwa kikapuni na tambi, nyanya za kopo na mwiko wa mbao, imeshazungushiwa nailoni na kufungwa utepe wa rangi ya chungwa. Na kesho yake ilikuwa Jumamosi ya bahati nasibu.

Kwetu zimamoto halipwi mtu. Gari la kuzimia moto hununuliwa kwa bahati nasibu, na bahati nasibu inayojaza ukumbi ni ya bunduki. Kila mwaka bunduki arobaini hupangwa kwenye meza ndefu chini ya bendera, zote mpya, zote na namba zake na karatasi zake. Upande wa pili, karibu na jiko, kina mama hupanga vikapu vyao vya vyakula na vyombo, navyo hushindaniwa kwa tiketi.

Mwaka huu waliongeza jambo. Madiwani watatu wa kata yetu walitakiwa kuamua kama watapeleka barua Harrisburg, makao makuu ya jimbo letu, ya kuunga mkono sheria ya namba. Walikuwa wameitisha mkutano mara tatu, na mara zote walikuja watu saba, wawili kati yao wamelala. Basi wakaona waufanye siku ambayo kata nzima inakuja kula nyama. Ndivyo mjadala wa namba za bunduki ulivyofanyika mbele ya bunduki arobaini zinazosubiri washindi, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi nilikuwa na shida ya pa kukaa. Nilimwahidi Marlys kwamba nitakaa upande wake. Nilimwahidi pia Clete Wyandt, mwenyekiti wa klabu ya wawindaji na rafiki yangu tangu darasa la kwanza, kwamba nitakaa upande wake. Mshika mawili moja humponyoka, lakini mimi siku hiyo nilishika ukuta. Nikakaa katikati, karibu kabisa na vikapu, jicho moja kwenye jukwaa na jingine kwenye kikapu namba kumi na nne.

Mbele kabisa alikaa Pap Truman, baba yake Marlys. Mzee wa miaka themanini na mmoja, koti la kuwindia la rangi ya chungwa, mikono juu ya mkongojo. Wote tunamwita Pap, hata wasio ndugu zake. Tangu Denny azikwe, mzee yule huongea kwa nadra.

Clete alianza. Alisema babu yake alijitengenezea bunduki bandani na kwa bunduki hiyo akalisha watoto tisa nyama ya kulungu, wala hakuna karani aliyeulizwa. Alisema mwizi hasomi sheria. Alisema leo watataka namba, kesho watataka orodha, keshokutwa watakuwa mlangoni na orodha mkononi. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga, maana maneno yale nimeyasema mwenyewe mara mia kwenye karakana yangu, peke yangu, nikiwa nimeishika ile bastola.

Akasimama Marlys.

"Mimi nina bunduki tatu," alisema. "Kulungu wangu wa mwaka jana alikuwa mkubwa kuliko wako, Clete, na ulimwona."

Ukumbi ukacheka, na Clete naye akacheka, maana alimwona kweli.

"Zote tatu zina namba. Namba haijawahi kunizuia kulenga." "Aliyegonga mbwa wangu kwa gari nilimpata kwa namba ya gari lake. Alikuja mpaka mlangoni akaomba radhi. Aliyemuua Denny sijampata mpaka leo."

Nikaona aibu ikinipanda kutoka kwenye soksi. Nikapiga makofi kuliko wote, na Clete akanigeukia akanitazama kama mtu aliyemkuta mkewe sokoni na mwanaume mwingine.

Diwani mwenyekiti akamuuliza Pap Truman kama ana neno.

"Mimi nasubiri nyama," alisema Pap.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyama ikawa tayari, kura ikasogezwa baada ya chakula, na kwa jinsi watu walivyokuwa wakimpita Marlys na kumgusa bega, mtoto mdogo angeweza kutabiri kura itakwenda wapi.

Mimi sikuwa na njaa ya nyama. Nilikuwa na njaa ya kikapu.

Nilinyoosha kidole tu. Nailoni ikalia kra-kra-kra, ukumbi mzima ungesikia. Mama Ardith Kunkel, msimamizi wa vikapu, ajuza wa miaka themanini na tatu, akanipiga kofi mkononi.

"Ukitaka kikapu, nunua tiketi. Mkono uweke mfukoni."

Nikanunua tiketi. Nikanunua tena. Nilichukua mkanda mzima wa tiketi, nikawa nazikata na kuzitumbukiza kwenye mfuko wa karatasi uliokaa mbele ya kikapu namba kumi na nne, mpaka mfuko ukavimba. Mama Ardith alinitazama muda wote.

"Unaipenda sana hiyo sufuria, Emory."

Nikamwambia napenda maharage yaliyoiva polepole.

Mara Marlys akatokea nyuma yangu. Akaona mfuko, akaona mkanda wa tiketi unaning'inia shingoni kwangu, akaelewa vibaya kabisa. Alidhani nimejuta kuitoa sufuria lakini nimeona haya kumwambia, ndiyo maana naigombea kwa tiketi kama watu wengine, ili zimamoto wapate. Macho yake yakalowa. Akanibusu mbele ya Mama Ardith na kuniambia kwamba hajawahi kumwona mwanaume mwenye moyo wa namna hii.

Nami, badala ya kutubu palepale, nikasimama nikitabasamu. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu.

Anayechomoa tiketi kila mwaka ni Sajenti Kunkel wa polisi wa jimbo, kitinda mimba wa Mama Ardith, maana wote tunamwamini. Kikapu cha kwanza kikaenda, cha pili kikaenda. Kilipofika cha kumi na nne nilikuwa nimeshasimama na mikono nimeitanguliza. Tiketi zangu mle mfukoni hazikupungua mia mbili.

Sajenti akazamisha mkono, akakoroga, akachomoa, akasoma. Halafu akacheka.

"Mama, ni wewe."

Mama Ardith alikuwa ametumbukiza tiketi moja.

Nikamwendea mbio. Nikamwomba nimbebee kikapu mpaka kwenye gari lake. Akanijibu kwamba amebeba watoto sita. Nikamwomba tubadilishane, nimpe sufuria mpya kutoka dukani, kubwa zaidi, ya rangi anayoitaka. Akanitazama kwa huruma na kusema bahati ni bahati, Emory, nenda kale. Kisha akasema kitu kilichonikausha mate: anataka kuhakikisha kama kifuniko ni kile cha kufunga kwa kishikizo, maana sufuria aliyonayo humwaga supu garini.

Akachukua kisu cha keki. Akapasua nailoni. Akapasua utepe wangu wa kifundi. Akafunua.

"Kuna kitu cha ziada humu," alisema, akikunjua kitambaa. Kisha akainua juu ili watu wote waone. "Marlys, mwanangu, hii ni ya kuponda viazi?"

Watu wa meza ya karibu walilala chini na sahani zao.

Sajenti Kunkel alimfikia mama yake kwa hatua mbili, akaitwaa ile bastola polepole, akaikagua. Akasema haina risasi, watu wainuke. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akavaa miwani.

"Haina namba," alisema.

Mtu mmoja akainama kusoma kikaratasi kilichofungwa kwenye utepe wa kikapu. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa katibu: Kikapu cha Jioni ya Uvivu. Kimechangwa na Marlys Hetrick.

Kicheko kilianzia meza ya wawindaji. Hakikuwa cha ubaya mwanzoni. Hata Clete alisimama, akafungua mikono na kusema, "Marlys, dada yangu, karibu nyumbani."

Hapo ukumbi ukapasuka. Mtu akauliza kama tambi zile nazo hazina namba. Mwingine akasema sasa ameelewa kulungu wa mwaka jana alikufaje. Marlys alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika meza, akisema hajui kilikotoka kitu kile, na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kucheka. Diwani mwenyekiti akaifunga faili yenye barua na kusema labda jambo hili lisubiri mwakani.

Kisha mtu mmoja kule nyuma akalitaja jina la Denny. Alichokisema sitakiandika. Marlys alikisikia, nami nilimwona alivyokisikia.

Nataka mjue kwamba ningeweza kukaa kimya. Ndiyo raha ya kitu kisicho na namba. Hakuna mtu ukumbini, wala Harrisburg, wala mbinguni labda, aliyekuwa na njia ya kukifikisha kwangu. Ningekula nyama yangu, nikaenda nyumbani, na pete ingebaki kwenye kidole cha Marlys mpaka kifo kitutenganishe.

Nikapanda juu ya kiti.

"Ni yangu," nikasema. "Nimeitengeneza mimi, nikaificha mimi, kwenye sufuria yangu. Marlys hajui lolote."

Nikasubiri kuzomewa, nikasubiri pete kurushwa.

Mama Ardith akaweka mkono kifuani. "Jamani, mapenzi," alisema.

Na makofi yakaanza.

Niliwaambia nasema kweli. Wakapiga makofi zaidi. Mwanamke mmoja alimpiga mumewe kikumbo, akamuuliza kama na yeye angemfanyia hivyo. Sajenti Kunkel alinijia, akaniambia kwa upole niteremke, nia yangu nzuri na kila mtu ameiona.

"Sajenti, nakiri mbele yako."

"Una karatasi yake?"

"Haina karatasi."

"Namba?"

"Si umeona mwenyewe haina."

"Shahidi aliyekuona ukiitengeneza?"

"Hakuna."

"Basi una nini, Emory?"

"Nina mikono," nikasema, nikamwonyesha.

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwaka mzima nilijisifu kwamba hakuna mtu chini ya jua anayeweza kuthibitisha kuwa bastola ile ni yangu. Ikawa kweli, na mimi nikiwemo.

Clete akataka kuimaliza. Aliomba aione, Sajenti akamwonyesha, akaivuta sehemu ya juu mara mbili, akatikisa kichwa.

"Emory hawezi kutengeneza hii," aliwaambia watu. "Alimtengenezea mke wangu nyumba ya ndege, ikaanguka na ndege ndani." Akaivuta tena. "Tena hata hii yenyewe ni kazi ya ovyo. Sikieni inavyokwaruza."

Nilikuwa nimeapa kubaki mnyenyekevu. Nilikuwa nimesimama pale kama mtu anayetubu. Lakini kuna maneno ambayo fundi hayavumilii.

"Haikwaruzi," nikasema.

"Inakwaruza."

"Haikwaruzi, Clete. Nimeisugua kwa mkono jioni kumi na nane. Wewe unaivuta kama mlango wa choo. Ivute kwa adabu uone kama itakwaruza."

Clete akaivuta kwa adabu. Haikukwaruza. Sijui kwa nini nilifurahi vile, mtu aliyesimama kwenye kiti akijitia kitanzi, lakini nilifurahi. Nikawageukia watu kifua mbele. Na wao wakashangilia, wakasema lo, Emory anajua kuigiza, laiti angekuwepo kwenye mchezo wa Krismasi kanisani.

Diwani mwenyekiti alifuta miwani yake. Alisema yeye amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na sita na hajaona mtu akijichafua jina kwa ajili ya mwenzake namna hii. Akasema ni wazi kuna mhuni aliyemtilia Marlys kitu kile kwenye kikapu ili kumwaibisha, na kama wapinzani wa namba wamefika huko, basi yeye anajua atakavyopiga kura. Akaifungua faili. Mkono wake ukapanda, na wa diwani wa pili ukapanda. Wa tatu alikuwa bado anatafuna, lakini wawili wanatosha.

Barua ikapita.

Mnaelewa kilichotokea? Nilisema kweli, watu wakaiona uongo, na kwa uongo huo ambao ulikuwa kweli, Marlys akapata barua yake. Mama Ardith akaniletea sufuria akaniambia nimeistahili. Clete alinikumbatia na kuninong'oneza kwamba mimi ni mjinga lakini mjinga wa heshima. Watu nisiowajua walinipa mikono. Jamani, kwa dakika tano hivi nilikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote waliopata kukanyaga ukumbi ule, kuliko hata aliyeshinda bunduki ya kwanza. Nilijiona nimekiri, nimetubu, nimesamehewa na bado nina mchumba.

Marlys akanishika mkono wa shati. Akanipeleka jikoni, katikati ya masinia ya nyama na ndoo za saladi ya viazi, akafunga mlango.

Nilimfungulia mikono. Nilidhani nabusiwa tena.

"Haikwaruzi," alisema.

Nikashusha mikono.

"Hiyo ndiyo sauti unayoitoa mtu akisema paa lako linavuja. Huwezi kuigiza, Emory. Hujui." Alikuwa anapumua kwa pua. "Vipande kumi na moja, uliniambia. Nikakuamini. Nikakuamini kwa sababu ulivihesabu."

Katika ukumbi wa watu mia mbili, mtu mmoja tu aliniamini. Ni yule mmoja niliyetamani asiniamini.

Nikaanza kueleza. Nilimwambia kwamba sikuweza, kwamba tangu kiwanda kifungwe kitu kile ndicho pekee nilichokifanya kikakamilika, kwamba nilikuwa nimekaa na msumeno mkononi mara nne. Yote kweli. Nikamwambia naona aibu, na hilo lilikuwa kweli kuliko yote. Alinisikiliza. Kidole gumba chake kilikuwa kinaizungusha pete, kinaizungusha, na mimi nilikuwa natazama pete tu.

Halafu akaacha kuizungusha.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

Wasomaji wangu, hapa lazima niseme na ninyi kidogo. Wiki saba sasa nimewaandikia habari za bastola moja. Mmenihurumia, wengine mmenitukana, mama mmoja amenitumia aya za Biblia, zote kwa ajili ya bastola moja. Niliwadanganya. Mtu akishaanza kudanganya nyumbani, mkono unazoea.

"Mbili," nikasema.

"Ya pili iko wapi?"

Nilitaka kusema imo stoo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini ukumbi ule wote wa makofi ulikuwa umenilewesha kwa ukweli, na nikaona bora nimalize siku yangu nikiwa mtu safi.

"Anayo baba yako."

Nikajaribu kuchekesha. Nilimwambia mzee alikuja karakanani, akaishika, akasema hajaona kazi nzuri kama ile tangu utotoni. Mtu aliyeisifu kazi yangu kwanza ndiye yeye. Akaniuliza kama ninayo nyingine, nikamwambia ninayo. Alisema anaitaka, ila nisije nikaandika kitu juu yake, hata jina lake. Kujitengenezea mwenyewe kwetu bado si kosa. Kumpa mwingine ndiyo kesi, na nililijua hilo. Lakini nilikuwa namtaka binti yake. Kuna nchi watu hutoa ng'ombe, nikamwambia Marlys, mimi nimetoa mahari yangu kwa chuma.

Marlys hakucheka.

"Ulimpa lini?"

"Juzijuzi tu. Jumanne ile." Nikajaribu kukumbuka vizuri, ili angalau mara moja nimpe hesabu ya kweli. "Kesho yake baada ya yule mtu wa Erie kuachiwa."

Nilijisikia nikiisema. Naapa kwenu, mpaka dakika ile sikuwa nimeziweka siku hizo mbili pamoja. Nilikuwa nimesifiwa. Sikumuuliza mzee ya nini.

Marlys alikuwa ameshafika kwenye dirisha la kupitishia sahani. Akalisukuma. Kule mbele kiti cha Pap Truman kilikuwa kitupu. Sahani ilikuwa juu ya kiti, imejaa, nyama haijaguswa.

Sajenti Kunkel alikuwa amesimama karibu na dirisha, anakula keki.

"Baba yuko wapi?" Marlys alimuuliza.

"Pap? Ametoka sasa hivi na gari lake, wakati mnamshangilia Emory." Alijifuta mdomo. "Alinishika mkono akaniuliza yule bwana wa kesi ya Denny anakaa wapi siku hizi. Nikamwambia siruhusiwi kumwambia. Akasema haidhuru, anapajua."